Bunduki ya bolti kwa mkulima mwenye mfuko mdogo

Swali: Shikamoo mzee. Nalima mahindi na muhogo nje kidogo ya Bweyale, wilaya ya Kiryandongo. Nyani wanavuna mchana, nguruwe mwitu wanavuna usiku, mimi napata mabua. Polisi wamenikubalia kumiliki bunduki moja ya bolti, ile ya kuvuta kitasa kwa mkono kabla ya kila risasi, lakini pesa yangu ni ndogo. Duka lenye leseni Kampala lina bunduki mpya ya Savage Axis ya risasi za .308 yenye darubini yake, na Brno ZKK 600 ya .30-06 iliyotumika. Bei zake zinakaribiana. Jirani naye anataka kuniachia bunduki ya .303 ya marehemu baba yake kwa bei ya ng'ombe mmoja. Nichukue ipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Naanza na ile ya jirani, maana hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi niliposoma barua yako.

Usiiguse. Usiibebe hata kwenda kumwonyesha fundi. Leseni ya bunduki ni ya mtu aliyepewa. Hairithiwi kama kiwanja, na chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 kukaa na bunduki ambayo huna leseni yake ni kosa, hata kama ilikuwa imelala darini miaka ishirini. Jirani yako huenda hana nia mbaya kabisa. Msaidie: mpeleke kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kisha kwa OC, mkuu wa kituo cha polisi, aeleze kwamba mzee alifariki akaacha silaha, na polisi waje kuichukua wenyewe. Msiipakie kwenye boda mkasema mnaipeleka kituoni. Askari wa barabarani hatajua safari yenu ilikuwa ya kwenda wapi.

Tena hujui ilikopita. Mwaka 2018 Rais Museveni aliliambia Bunge kwamba kila bunduki nchini ichukuliwe alama zake, yaani ile saini ambayo mtutu na pini ya kufyatulia huacha juu ya risasi na ganda. Ikiwa silaha hiyo iliwahi kutumika vibaya mahali fulani, alama zitamtafuta aliye nayo leo.

Nakuambia hivi nikiwa mtu anayeipenda .303. Ndiyo niliyojifunzia ufundi silaha nikiwa kijana jeshini, na mzee aliyenifundisha alikuwa akiifungua na kuifunga gizani. Lee-Enfield namba 4, bunduki ya .303, ina uzuri wake: kichwa cha bolti hutoka kwa kufunguliwa, na vilitengenezwa vichwa vya saizi nne, 0 mpaka 3, ili nafasi ya risasi, yaani pengo kati ya bolti na mahali risasi inapokaa, ikizidi kwa uchakavu fundi abadilishe kichwa badala ya kutupa bunduki. Lakini .303 ni risasi iliyozaliwa katika miaka ya 1880, na nyingi zinazozungukazunguka ni za kijeshi za zamani, zenye fataki (kile kiwashio cha kitakoni) inayoacha chumvi ndani ya mtutu. Usipouosha kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, mtutu unaliwa. Hata ingekuwa na karatasi zote, nisingekushauri uifanye bunduki yako ya pekee. Ungekosa cha kuilisha.

Sasa kuhusu kazi yenyewe. Nguruwe mwitu, nyani na tumbili ndio wanyama waliotangazwa waharibifu nchini Uganda, na udhibiti wao umewekwa mikononi mwa wilaya. Kwa hiyo kabla ya kununua hata risasi moja, nenda wilayani Kiryandongo umwone afisa anayehusika na wanyama waharibifu, akujue, ajue na mipaka ya shamba lako. Wengine wote si wako. Unakaa karibu na hifadhi ya Murchison Falls, na usiku mmoja atakayevunja mahindi atakuwa tembo au nyati. Bunduki ibaki ndani, simu ndiyo itoke: waite UWA, Mamlaka ya Wanyamapori Uganda. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 haichezi na mtu katika hili, na kwa wanyama walio hatarini kutoweka adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Mbali na sheria, tembo aliyejeruhiwa na .308 hurudi, na atakayemkuta njiani asubuhi ni mtoto wa shule.

Dume la nyani lina kilo ishirini na kitu. Nguruwe mwitu mkubwa anafika hamsini, mpaka mia. Kwa wanyama hao huhitaji mzinga. Mzungu mmoja wa Scotland, W. D. M. Bell, ambaye mpaka leo anaitwa Karamojo Bell kwa sababu ya miaka aliyowinda Karamoja, aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa risasi ndogo ya milimita 7, wakati wenzake walikuwa wakibeba mitutu ya kuvunja bega. Simsifu, walikuwa tembo wetu, na meno yao yalikwenda kwao. Ila jambo moja alilionyesha wazi: mahali risasi inapoingia panashinda ukubwa wake. Mtu anayeogopa teke la bunduki yake hufumba macho kabla ya kufyatua, na aliyefumba macho hajui risasi yake imekwenda wapi.

.308 na .30-06 zote mbili zinatosha na kubaki. .30-06 ni ya Jeshi la Marekani la mwaka 1906, ndiyo maana ya hiyo 06; .308 ililetwa na Winchester mwaka 1952 ikiwa na ganda fupi zaidi, milimita 51 badala ya 63. Kinachoruka ni cha unene ule ule, kwa hiyo watu huzichanganya. Wewe usizichanganye kamwe. .308 iliyoingizwa kwenye chemba (chumba cha risasi) ya .30-06 inaweza kukupasukia usoni. Bunduki yako ikiwa ya aina moja, risasi ya aina nyingine isilale hata usiku mmoja nyumbani kwako. Na za jeshi usizipokee hata za bure, hata kutoka kwa shemeji aliye kambini. Kuwa nazo peke yake ni kesi.

Baina ya hizo mbili, swali la kumuuliza mwenye duka ni hili: ipi umekuwa nayo kwenye rafu mwaka mzima? Asikuambie anaweza kuagiza. Akuonyeshe maboksi. Bunduki isiyo na risasi utailipia leseni kila mwaka ikae kama jembe lisilo na mpini. Jibu lake likipendelea .30-06, hilo lina uzito kuliko mengi nitakayoyasema hapa chini.

Sasa niseme juu ya Brno, maana hapo ndipo mtu huuziwa mbuzi kwenye gunia.

ZKK 600 ilitengenezwa Czechoslovakia, na bolti yake inafuata mpango wa Mauser wa 1898: ukucha mrefu unaoshika kitako cha risasi tangu inapotoka kwenye magazini, kisanduku cha risasi, mpaka ganda linaporushwa nje. Chuma ni kizito, kazi ni ya mikono ya watu waliojua, na nimeona za umri wa miaka arobaini zinazofunga kama mlango wa benki. Nimeona na nyingine, zilizolala kwenye mfuko wa ngozi misimu kumi ya mvua. Ngozi hunywa unyevu na kuulaza juu ya chuma. Nje unaona rangi ya buluu nzuri, ndani ya mtutu kuna vidonda kama ndui.

Kwa hiyo uende dukani na karatasi nyeupe, tochi ndogo na kitambaa. Kwanza toa bolti, hakikisha magazini na chemba ni tupu, halafu hakikisha tena. Soma namba iliyo juu ya bolti na iliyo kwenye mwili wa bunduki. Zisipolingana, maana yake kuna mtu aliyehamisha bolti kutoka bunduki nyingine, na nafasi ya risasi haijulikani tena. Namba iliyokwaruzwa au iliyopigwa upya, rudisha bunduki mezani na utoke. Hiyo haina mjadala.

Weka karatasi nyeupe pale bolti ilipokuwa, mulika, uchungulie kutoka mdomoni. Mifereji ya ndani iwe na kingo kali, inayozunguka sawasawa hadi mwisho. Kivuli cha duara kinachokatiza mtutu ni uvimbe: mtu alifyatua mtutu ukiwa umeziba. Hiyo usinunue. Madoa machache ya giza yanavumilika, ila mchomo mkubwa mbele kidogo ya chemba ni dalili ya mtutu uliopiga risasi nyingi sana. Kisha angalia mdomo wenyewe, ule ukingo wa mwisho kabisa ambapo risasi inaagana na chuma. Mkwaruzo mdogo hapo, wa bunduki iliyozoea kusimamishwa sakafuni mdomo chini, hupeleka risasi upande. Hilo fundi hulirekebisha kwa kukata kidogo, nawe ulitumie kupunguza bei.

Angalia masikio mawili ya mbele ya bolti. Nyuma yake yanapogusana na chuma pawe pamesuguliwa yote mawili. Likisuguliwa moja tu, moja ndilo linalobeba mzigo wa mlipuko.

Halafu usalama, yaani kile kidude cha kuzuia bunduki isifyatuke. Bunduki ikiwa tupu, ivute bolti uifunge, weka usalama, vuta kifyatulio kwa nguvu, kiachie, kisha toa usalama bila kugusa kingine chochote. Ukisikia "ta!", bunduki hiyo ingefyatuka yenyewe ndani ya gari. Igongegonge kitako kwa kiganja, isifyatuke. Usione aibu kufanya hivi mbele ya muuzaji. Mwaka 2014 kampuni ya Remington ilitangaza kuziita kiwandani bunduki zake za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, zilizotengenezwa tangu Mei 2006, kwa sababu zingeweza kufyatuka bila kuguswa. Ikiwa kampuni kubwa hivyo ilibidi irudi nyuma, wewe huna sababu ya kumwamini mtu kwa uso. Kwenye Brno yako uliza mambo mawili zaidi. Baadhi ya zile za zamani usalama wake huenda kinyume na bunduki nyingi, mbele ndiko kufunga. Ujue kabla haijakudanganya usiku. Na nyingi zina kifyatulio ambacho ukikisukuma mbele kinakuwa chepesi kama unyoya. Kwa mkulima hicho ni hatari. Usikitumie.

Lililobaki ni lile ambalo macho hayawezi: nafasi kati ya uso wa bolti na mahali risasi inapokaa. Fundi ana vipimo viwili vya chuma vyenye umbo la risasi. Kimoja bolti lazima ifunge juu yake, kingine lazima ikatae. Ikifunga kwenye vyote viwili, bunduki imechoka, na siku moja ganda litapasuka karibu na kitako chake na kutema moto nyuma, upande wa jicho lako. Duka lisilo na vipimo hivyo litafute fundi aliye navyo kabla hujalipa.

Kuhusu Axis mpya nitakuwa mfupi, kwa sababu haina historia ya kuchunguza. Kampuni ya Savage iliileta mwaka 2010 kwa jina la Edge. Watu wanaiona kitako cha plastiki wanadhani ni kitu cha kuchezea. Siyo. Savage wana njia waliyoianza na Model 110 mwaka 1958: mtutu unafungwa kwa nati kubwa, kwa hiyo ile nafasi ya risasi niliyoieleza hupimwa na kukazwa kiwandani kwa dakika chache badala ya fundi kukaa nayo saa nzima na tupa. Wamepunguza saa za fundi, ubora wa mtutu haukuguswa, na ndipo bei iliposhuka. Mitutu yao inalenga, kwa kawaida vizuri kuliko anayeilenga.

Palipobanwa ni kwingineko. Bolti ni kavu, inakwaruza. Ivute mara mia tano ukiwa umekaa barazani, bila risasi, italainika. Magazini ina sehemu za plastiki, nunua ya pili mapema. Kitako kinapinda: ukiegemeza sehemu ya mbele juu ya gogo, plastiki hugusa mtutu na risasi huhama. Pitisha noti ya shilingi elfu kati ya mtutu na kitako. Isipopita mpaka karibu na chemba, funga msasa kwenye kijiti na usugue ndani mpaka ipite. Chuma chake kinashika kutu haraka kuliko Brno, hivyo mafuta kidogo kila inaposhikwa na jasho. Na ni nyepesi, kwa hiyo inapiga teke. Ishike ikaze begani, lisibaki pengo.

Kama duka lina Ruger American ya mwaka 2012 na kuendelea, Mossberg Patriot au Howa 1500 kwa bei inayokaribiana, ziangalie kwa jicho lile lile. Howa ya Kijapani ni nzito kidogo na mimi uzito huo naupenda begani. Tikka ya Finland ni nzuri kuliko zote hizi, na ni ya mtu ambaye mahindi yake yameshauzwa.

Tatizo la hiyo Axis ni darubini iliyofungwa juu yake. Vifurushi vya namna hiyo huokoa pesa kwenye kioo. Itakusaidia miezi ya kwanza, ila kaza skrubu zake zote mwenyewe kabla ya kupiga, na kila baada ya safari ndefu ya gari uipime tena. Ukipata pesa baadaye, nunua darubini ya ukuzaji mmoja tu wa mara nne, ya kampuni inayojulikana. Ile ya kuzungusha mara tatu hadi tisa inapendeza dukani, lakini kila kinachozunguka ndani yake kinaweza kulegea, na kwa pesa kidogo hununui vitu vingi vizuri. Unanunua kimoja kizuri. Usiku darubini ya kawaida haikuonyeshi kitu. Usifyatue kivuli. Shamba la mahindi usiku lina nguruwe, na lina pia mlevi anayekatiza njia, na mtoto wa mwenzako aliyekuja kuiba muhogo.

Hapo ndipo naomba utumie ile pesa unayodhani umeiokoa. Ukinunua bunduki kwa shilingi yako ya mwisho, umenunua chuma tu. Katika kila shilingi kumi ulizonazo, bunduki na darubini zisile zaidi ya saba. Moja ni ya sanduku la chuma lililofungwa ukutani kwa nati, bolti ikilala mahali pengine penye kufuli. Mbili ni za risasi na mafunzo. Risasi ziwe za ncha laini, za kampuni moja, na za toleo moja ukiweza, maana kila aina huangukia mahali pake. Ile iliyovikwa shaba mwili mzima humpita nyani na kuendelea na safari, na ya .308 inaweza kwenda zaidi ya kilomita tatu. Kati yako na kilomita tatu kuna Bweyale.

Kwa hiyo kabla hujapiga mnyama yeyote, jenga kichanja. Si kile cha kukaa kupiga kelele tu, kirefu zaidi, mita tatu au nne, upande ambao ukilenga chini risasi inaingia udongoni au kwenye kichuguu. Ukiwa chini, risasi yako inasafiri sawa na ardhi. Ukiwa juu, shamba lenyewe linakuwa ukuta wako. Watoto wanaofukuza nyani wawe wamerudi na kuhesabiwa. Mtu akikosekana, hakuna kufyatua, hata dume zima likikaa juu ya gunia likikutazama.

Piga shabaha kwenye uwanja ulioruhusiwa, mita 100, bunduki ikiegemea mfuko wa mchanga. Risasi tatu, kisha subiri mtutu upoe, tatu tena. Usirekebishe darubini kwa risasi moja. Kwa darubini nyingi, "tik" moja inasogeza risasi milimita 7 kwa umbali huo. Tatu zikienea ndani ya kiganja cha mkono, bunduki yako inatosha shambani. Usihangaike na wanaojisifu kwa tundu moja. Kwa mita 200 risasi ya .308 itashuka sentimeta 10 hivi, lakini wewe mwaka wa kwanza usipige mbali hivyo.

Uliniuliza ipi. Kama Brno itapita kila kipimo nilichotaja, na maboksi ya .30-06 yapo rafuni, chukua Brno, utakuja kumwachia fundi mwingine aifurahie. Isipopita hata kimoja, au muuzaji akikataa usiipime, chukua Axis bila kujuta. Mimi mwenyewe nadhani utarudi na Axis, kwa kuwa Brno nzima kabisa kwa bei hiyo ni adimu.

Kabla ya kulipa, mwombe mwenye duka aipige Brno risasi tatu kwenye uwanja wao wewe ukiwepo, na akupe maganda. Yafute. Kila moja lizungushe kwenye mwanga, utazame sehemu ya chini, kidole kimoja juu ya kitako. Ukiona mstari mwembamba unaong'aa umelizunguka ganda kama pete, pale ndipo lingekatika. Piga picha ya maganda yote matatu, uniandikie siku hiyo hiyo, pesa ikiwa bado mfukoni mwako.